SOMO LA JIKONI: TUCHAGUE MASHINE YA KUKANDIA UNGA KWA BUSARA



Somo letu la leo ni la jikoni, na nimeliandika kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni habari ya jirani yangu mmoja, mjane mwenye watoto watatu. Mama huyu alikopa fedha katika kikoba akanunua mashine ya kukandia unga, ili aoke mikate na kuuza. Dukani muuzaji alimwonyesha boksi lililoandikwa wati 1500, akamwambia, "Mama, hii haishindwi na kitu." Basi kila alfajiri akawa anakanda ngano kilo mbili na nusu kwa mikupuo miwili. Mwezi wa tatu mashine ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Deni lilibaki na marejesho ya miezi saba.

Sababu ya pili ni kwamba akina mama wa kikundi chetu sasa wanataka kutoa fedha yao ya pamoja ili wanunue mashine ya namna hiyo hiyo. Wameniuliza, "Mwalimu, tununue ipi?"

Nilikuwa mkufunzi wa sayansikimu katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi, na kuna neno moja nililowaambia wanachuo wangu kila mwaka: mpishi haanzi na chombo, huanza na chakula. Kwa hiyo swali la "mashine ipi?" tuliweke kando kwanza. Tuulize, "Unga upi, na kiasi gani kwa siku?" Atakayelijibu swali hilo vizuri hatapata taabu kuchagua. Asiyelijibu atachaguliwa na muuzaji.

1. Mashine yenyewe ni nini?

Mashine tunayoisema ni ile inayosimama mezani, yenye shingo, mota ndani yake, na bakuli chini ya shingo. Watu wengi huiita mikisa. Tusiichanganye na ile mikisa ndogo ya kushika mkononi, ambayo hufaa kwa keki na krimu lakini haina nguvu ya kukanda unga wa mkate.

Yasimuliwa kwamba mwaka 1908 mhandisi Mmarekani, Herbert Johnston, wa kampuni ya Hobart katika mji wa Troy, Ohio, alimwona mwokaji akihangaika kuchanganya unga wa mikate kwa mwiko wa chuma, akaanza kufikiri namna ya kumpunguzia kazi. Kwanza zilitengenezwa mashine kubwa za waokaji. Baadaye, mwaka 1919, ikatoka mashine ndogo ya nyumbani iliyoitwa KitchenAid. Hata hiyo "ndogo" ilikuwa na uzito wa kilo 30 hivi! Kule Uingereza, Kenneth Wood alitoa mashine yake ya Kenwood Chef mwaka 1950.

Nimeitaja historia hii kwa sababu moja. Tangu mwanzo mashine hizi zimekuwa za namna mbili: ya mwokaji, inayofanya kazi kila siku, na ya nyumbani, inayofanya kazi mara chache kwa juma. Ukimpa mtoto mzigo wa mtu mzima, usishangae akianguka njiani.

Mikisa nzuri hufanya kazi kama dunia yetu. Kifaa chake hujizungusha chenyewe, na papo hapo huzunguka ndani ya bakuli, kama dunia inavyojizungusha huku ikilizunguka jua. Hivyo kila pembe ya bakuli hufikiwa. Vifaa vyake kwa kawaida ni vitatu:

(a) Kipigio bapa, cha kuchanganyia siagi na sukari na unga wa keki.
(b) Mchapo wa waya, wa kupigia mayai na krimu.
(c) Ndoano, ya kukandia unga wenye hamira.

2. Keki na mkate si kazi moja

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tusome polepole.

Unga wa ngano una protini. Tunapoutia maji na kuukanda, protini hizo hushikana zikawa kama wavu unaovutika, nao huitwa gluteni. Hamira inapofanya kazi hutoa hewa, na wavu huo huizuia hewa isitoroke, ndipo mkate huumuka. Kazi ya kukanda basi ni kuusuka wavu huo. Ni kazi nzito, na kadiri wavu unavyosukika ndivyo donge linavyozidi kuwa gumu na kuivuta mashine.

Keki ni kinyume chake. Katika keki hatuutaki wavu huo, kwa maana utaifanya keki iwe ngumu. Tunachotaka ni hewa. Tunapopiga siagi na sukari mpaka zigeuke rangi na kuwa laini, tunatia viputo vidogo sana vya hewa. Bekingi poda haiumbi viputo vipya. Huvikuza vile tulivyokwisha kuvitia. Ndiyo sababu mtu aliyefanya haraka katika siagi na sukari hupata keki nzito, hata akiongeza bekingi poda. Unga ukishaingia, changanya kidogo tu, kisha acha.

Tazama basi: keki inataka mwendo na hewa, mkate unataka nguvu na uvumilivu. Mashine nyingi zaweza kazi ya kwanza. Ni chache zinazoweza ya pili siku baada ya siku. Anayeoka keki za ubatizo na harusi mara moja kwa juma, na anayekanda maandazi kila alfajiri, hawanunui mashine moja.

3. Pima kwa kilo za ngano, si kwa lita za bakuli

Boksi huandikwa ukubwa wa bakuli: lita 4, lita 5, lita 7. Lita hizo ni za bakuli likijazwa mpaka ukingoni, hazikuambii mota yaweza kukanda kiasi gani. Fungua kitabu cha maelezo utafute maneno yanayosema mwisho wa unga kwa mkupuo mmoja. Kwa kawaida mashine ya nyumbani yenye bakuli la lita 5 hukanda ngano ya kilo moja hivi, na nyingi za bei ndogo hukanda pungufu sana.

Mimi na jirani yangu tulipokisoma kitabu cha mashine yake, tayari imekwisha kufa, tulikuta kimeandika kwamba unga mzito usizidi gramu 500, na mashine isikande zaidi ya dakika 5 bila kupumzishwa. Yeye alikuwa akiitia kilo moja na robo, mara mbili mfululizo. Bakuli lilipokea bila shida. Bakuli halikatai kitu. Anayeumia ni mota.

Angalia pia ugumu wa unga. Ngano kilo moja yenye maji mililita 650 hukandika kwa urahisi kuliko kilo hiyo hiyo yenye maji mililita 500. Anayependa unga mkavu apunguze kiasi kwa kila mkupuo.

4. Wati zinakudanganya

Wati ni kipimo cha umeme unaoingia katika mashine. Si kipimo cha nguvu inayoufikia unga. Kununua kwa kutazama wati ni kama kumwajiri kibarua kwa kuhesabu sahani za ugali anazokula. Mwingine hula sana akalima kidogo.

Nitatoa mfano mmoja. Mashine ya KitchenAid iitwayo Artisan, yenye bakuli la lita 4.8, ina wati 300 tu, nayo hukanda mkate wa nyumbani vizuri, kwa sababu mota yake husukuma gia moja kwa moja na nguvu haipotei sana njiani. Na zipo mashine zilizoandikwa wati 1500 ambazo hupata joto na kulia kwa nusu kilo ya unga. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Wengine huogopa kwamba mashine itamaliza umeme wa LUKU. Tufanye hesabu. Mashine inayotumia wati 1000 kwa robo saa hula robo ya uniti moja. Oveni ya wati 2000 ikiwaka saa moja hula uniti 2, yaani mara nane. Kwa hiyo gharama ya umeme isikutishe kwenye mikisa. Itazame kwenye oveni.

5. Soma volti kabla ya kuchomeka

Sehemu hii naiandika kwa aibu. Mtoto wa dada yangu alikuja likizo kutoka Marekani akaniletea mikisa nzuri nyekundu. Nilifurahi nikaita majirani waione. Tulitafuta kibadilishio cha plagi, nikachomeka, nikawasha. Ikapiga kelele kali, ikatoa moshi, ikazima. Umeme wa Marekani ni volti 120 na wetu hapa Tanzania ni volti 230, karibu mara mbili. Mimi niliyefundisha watu kusoma kibandiko cha kila chombo sikukisoma cha kwangu, kwa sababu nilikuwa na furaha.

Basi jifunzeni kwangu. Geuza mashine, tazama kibandiko chini yake au nyuma. Kikiandikwa 220–240 V, 50 Hz, ni ya kwetu. Kikiandikwa 120 V peke yake, usichomeke. Kibadilishio cha plagi hubadili umbo la meno tu, hakipunguzi volti. Itahitajika transfoma ya kupunguza umeme, yenye wati nyingi kuliko za mashine, nayo ni gharama nyingine na mzigo mwingine mezani.

Hii ndiyo sababu anayenunua mashine ya mtumba afadhali apate iliyotoka Uingereza kuliko iliyotoka Marekani. Ya Uingereza hutumia umeme ulio karibu na wetu, hata plagi yake ya meno matatu bapa huingia kwenye soketi zetu.

6. Gia, uzito na fundi

Uliza gia zake ni za nini. Gia za chuma hustahimili unga mzito kuliko za plastiki. Hata hivyo msishangae fundi akiwaambia kwamba katika mashine fulani nzuri kuna gia moja iliyowekwa dhaifu kwa makusudi. Kazi yake ni kuvunjika kwanza ili mota isiungue, kama fyuzi inavyokatika ili nyumba isiungue. Gia hiyo hubadilishwa kwa bei ndogo, lakini mota ikiungua mara nyingi huo ndio mwisho wa mashine.

Jaribu kuiinua. Mashine nyepesi sana hutembea mezani inapokanda, na nimeona moja ikifika ukingoni na kuanguka. Yenye uzito wa kilo 8 au 10 hukaa mahali pake.

Kisha, kabla ya kulipa, nenda kwa fundi wa mtaani kwako ukamwulize, "Aina hii umewahi kuifungua? Kaboni na gia zake zinapatikana?" Kuuliza si ujinga. Mashine ya jina kubwa isiyo na vipuri katika mkoa wenu ni pambo la kabati. Na dhamana isiyo na risiti yenye tarehe na mhuri ni maneno matupu.

Dukani omba iwashwe. Sikiliza mwendo wa chini kabisa: uwe wa taratibu kweli, kwa maana huo ndio wa kukandia. Mashine ambayo mwendo wake wa kwanza ni wa mbio itakurushia unga usoni. Funga ndoano na mchapo uone kama vinafika karibu na chini ya bakuli bila kuligusa. Mchapo usiofika chini utaacha ute wa mayai mawili bila kupigwa.

7. Mali bila daftari hupotea bila habari

Tuchukue mfano wa hesabu, tarakimu ni za darasani tu. Mashine inauzwa shilingi 400,000. Mama anapata faida ya shilingi 5,000 kwa siku baada ya kutoa ngano, mafuta, hamira na umeme. Wengi husema, "400,000 gawanya kwa 5,000 ni siku 80, basi fedha imerudi."

Hesabu hiyo ina kosa. Mama huyu alipokuwa akikanda kwa mikono alikuwa tayari anapata shilingi 3,000 kwa siku. Kilicholetwa na mashine ni zile 2,000 za nyongeza. Sasa 400,000 gawanya kwa 2,000 ni siku 200. Akifanya kazi siku sita kwa juma ni majuma 33 na zaidi. Ndipo tuulize: mashine hii itaishi majuma 33 kwa mzigo huu? Ya jirani yangu iliishi miezi mitatu. Alikuwa hajafika hata nusu ya njia.

Kila anayetaka kukopa kwa ajili ya mashine na aandike hesabu hii kwanza, kwa kalamu, na kumwonyesha mtu mwingine.

8. Ukiisha kuinunua

Kanda kwa mwendo wa kwanza au wa pili tu. Anza na maji, kisha unga kidogo kidogo. Ukisikia sauti ya mota inashuka na kukoroma, zima, gawa donge mara mbili. Ukigusa shingo ukaona joto kali, ipumzishe mpaka ipoe. Umeme ukikatika, chomoa plagi usiichomeke mpaka umeme utulie, kwa maana hurudi kwa kishindo.

Mashine pia hutia joto katika unga. Sehemu za joto kama Tanga na Dar es Salaam tumia maji ya baridi, la sivyo unga utaumuka kabla ya wakati na kuwa mchachu.

Unga umetosha lini? Usitazame saa. Kata kipande cha ukubwa wa limau, ukivute kwa vidole taratibu pande zote. Kikiwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kupasuka, acha. Kikipasuka mapema, ongeza dakika mbili.

9. Mikono ingalipo

Msidhani mashine ni lazima. Kuna njia ambayo mwalimu wa uokaji Mfaransa, Raymond Calvel, aliieleza katika miaka ya 1970. Changanya ngano na maji tu, bila chumvi wala hamira, mpaka unga wote ulowe. Funika, uache dakika 20 hadi 30. Ukirudi utaukuta umelainika, kwa maana wavu wa gluteni umeanza kujisuka wenyewe wakati wewe ukifanya kazi nyingine. Sasa tia hamira na chumvi, ukande. Kazi ya mkono hupungua sana. Kama hamira yako ni ya chembe kubwa zinazohitaji kulowekwa, bakiza maji kidogo ya vuguvugu kwa ajili yake.

Njia hii nilimwonyesha jirani yangu wiki ile mashine ilipokufa. Alirudia beseni lake. Huweka maji na ngano, huenda kuwaandaa watoto kwenda shule, kisha hurudi kukanda. Marejesho ya miezi saba aliyamaliza kwa mikono yake, na mashine ingali juu ya kabati lake kama ukumbusho.

Jibu langu kwa akina mama

Sasa nawajibu ninyi mliouliza. Mmeniambia wanne kati yenu huoka keki za sherehe, na waliobaki hukanda maandazi na mikate, kiasi cha kilo 5 za ngano kila siku. Kilo 5 katika mashine ya nyumbani ya kilo moja ni mikupuo mitano kila alfajiri, pamoja na kuipumzisha kila mara. Haitamaliza mwaka. Kwa hiyo nasema wazi: kwa maandazi na mikate msinunue mikisa ya nyumbani, hata ikiwa nzuri namna gani. Ama endeleeni kwa mikono na njia ya kuupumzisha unga, ama wekeni akiba mpaka mfikie mashine ya waokaji, ile ambayo bakuli lake huzunguka pamoja na ndoano, na ambayo huuzwa kwa kutaja kilo za unga.

Wale wanne wa keki wanaweza kununua mikisa ya nyumbani sasa, kwa fedha iliyopo na si ya mkopo, yenye volti zetu, na ambayo fundi wetu anaijua. Itawatumikia miaka mingi wakiitunza.

Najua jibu hili halitawafurahisha wote. Lakini fedha ya kikundi ni ya watu wengi, na kati yenu wapo ambao hawana nyingine.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Kwa nini unga wa mkate huichosha mashine kuliko unga wa keki?
2. Andika kilo za ngano unazotumia kwa siku. Je, ni mikupuo mingapi katika mashine ya gramu 500? Na ya kilo moja?
3. Tafuta kibandiko cha chombo kimoja cha umeme nyumbani kwako. Kinasema volti ngapi na wati ngapi?
4. Piga hesabu ya siku 200 kwa tarakimu zako mwenyewe. Umepata siku ngapi?
5. Jaribuni kukanda nusu kilo ya ngano kwa njia ya kuupumzisha unga, na nusu nyingine kwa njia yenu ya siku zote. Leteni mikate yote miwili, tuionje pamoja.